Kalenda inayouza mahindi ya Pito

Juni ni mwezi wa baridi na upepo juu ya uwanda wa Ufipa. Mvua zimekwishakata, mahindi yamekaukia shambani, na katika kata ya Pito, pembezoni mwa Manispaa ya Sumbawanga, uani kwa watu kumejaa magunzi. Huu ndio mwezi ambao nyumba ya mkulima ina chakula kingi kuliko wakati wowote wa mwaka, na ndio mwezi ambao haina senti. Kijana aliyechaguliwa kidato cha tano anatakiwa kuripoti Julai. Ada imefutwa, lakini godoro, sare, madaftari na nauli havikufutwa. Deni la mbolea ya Novemba limekomaa. Kuna harusi mbili za ukoo, maana nazo husubiri mavuno. Barabarani imeegeshwa Fuso, na mnunuzi ameshuka akiwa na fedha taslimu na debe.

Hapo mkulima haamui chochote. Kalenda ndiyo inayouza.

Naanzia kwenye kalenda kwa sababu mazungumzo mengi ya kumwinua mkulima mdogo huanzia kwingine kabisa. Huanzia kwenye semina: wakulima wakusanywe chini ya mti, wafundishwe nafasi ya kupandia, wagawiwe fulana, wapigwe picha. Somo la kilimo bora halina ubaya wowote, na mbegu nzuri inalipa. Ila kwa Ufipa somo hilo linawafikia watu ambao babu zao walikuwa na chuo chao.

Uwanda huu, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, una majani mengi na miti michache. Wabemba, kusini ya mpaka wa Zambia, walikuwa na miti: walikata matawi, wakayarundika, wakayachoma na kupanda ulezi kwenye majivu, na ardhi ikichoka wakahamia pengine. Mfipa hakuwa na msitu wa kuchoma. Akatumia alichonacho, akaja na intumba. Mvua ikiwa imelainisha ardhi, majani hung'olewa kwa jembe pamoja na mizizi yake, hukusanywa mahali pamoja, kisha udongo wa pembeni hugeuzwa juu yake mpaka kinasimama kichuguu cha mviringo. Ndani majani yanaoza polepole. Juu hupandwa maharage, yanayokomaa kwa mvua za mwisho. Novemba mvua zikirudi, kichuguu kinabomolewa, mboji inatawanywa shambani, na ulezi unapandwa, siku hizi mara nyingi mahindi. Ukiangalia shamba la intumba kutoka mlimani unaona mistari ya vichuguu hadi mwisho wa macho, na kila kimoja kimeinuliwa na mgongo wa mtu.

Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyewaandika Wafipa kwa miaka mingi, aliuona mfumo huu kuwa sababu mojawapo ya wao kuweza kukaa katika vijiji vikubwa vya kudumu badala ya kuhamahama. Sijui kama kuna ofisi ya kilimo inayoufundisha mahali popote kwa heshima unayostahili. Mbolea ya dukani ilipokuwa nafuu, intumba ilionekana kazi ya kizamani. Bei ya mbolea duniani ilipopaa kati ya 2021 na 2022, mfuko wa DAP ukavuka Sh100,000, wazee wenye kuijua kazi hiyo wakawa na la kusema tena.

Na jembe lililoinua vichuguu hivyo halikutoka Ulaya. Ufipa ilikuwa nchi ya chuma. Mawe yenye madini yalichimbwa hapa hapa na kuyeyushwa katika matanuri marefu ya udongo wa kichuguu cha mchwa; tanuri la namna hiyo huitwa ilungu kwa Kifipa, au malungu yakiwa mengi. Tanuri lilimzidi mtu kimo kwa mbali na halikuhitaji mvukuto: lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu yaliyoachwa chini, moto ukawaka kwa siku kadhaa. Donge la chuma lililotoka humo bado lilikuwa na uchafu, hivyo lilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambako mvukuto ulifanya kazi ya kulisafisha, na mwisho likafika kwa mhunzi wa kufua jembe. Hizo ni kazi tatu tofauti, na kila moja ilikuwa na wataalamu wake, dawa zake na miiko yake. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda, aliyechimba mabaki ya kazi hiyo upande wa Nkasi kando ya Ziwa Tanganyika, ameonyesha kwamba hata ilungu si mwanzo wa habari: chini yake kuna ufundi mwingine wa zamani zaidi. Majembe ya Ufipa yalikuwa bidhaa. Yalisafiri na kubadilishwa kwa vitu vingine, na nguo za pamba zilizofumwa na wanaume wa huku nazo zilivaliwa. Kijiji cha Ufipa katika karne ya 19 kilikuwa na mkulima, mhunzi na mfumaji wakiishi kwa kutegemeana.

Uchumi huo ulikwisha kimya kimya wakati wa Waingereza. Jembe la kiwandani kutoka ng'ambo likawa rahisi kuliko la ilungu, nguo za dukani zikamwondoa mfumaji, na kodi ya kichwa ikadai shilingi ambazo ulezi haukuweza kuzileta. Vijana wakaenda kuzitafuta kwenye mkonge wa Tanga na dhahabu ya Lupa. Kabla ya uhuru Ufipa ilikuwa imekwishageuzwa kuwa ghala la vibarua. Tangu hapo, ukiniuliza, kila mpango ulioletwa huku umejaribu kulijaza pengo lilelile bila kulitaja: kijiji kinatoa kitu kibichi na kununua kilichotengenezwa, na tofauti ya bei inabaki safarini.

Ulipoundwa mkoa wa Rukwa mwaka 1974, ulikutana na jambo lililougeuza kabisa. Serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na gharama ya kuyasafirisha ikabebwa na umma. Mkulima wa Sumbawanga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, akalipwa sawa na aliye jirani na reli. Mbolea ilikuwa na ruzuku, mbegu chotara zilifika, Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC) likawa mnunuzi, na Rukwa ikaingia kwenye kundi la mikoa minne inayolisha nchi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Maksai wakaongezeka. Norway ikaingia na mpango wake wa maendeleo ya mkoa, RUDEP. Wazee wa huku bado wanazikumbuka enzi hizo kama enzi za neema, ingawa NMC nayo ilikuwa na kawaida ya kuchelewesha malipo, na vyama vya ushirika, ambavyo vingeweza kumsemea mkulima, vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982 vikiwa dhaifu. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea iliondolewa hatua kwa hatua, bei moja ikafa, na mnunuzi binafsi akachukua nafasi. Alikuja na debe lake.

Debe ni chombo cha lita 20. Kwa haki, debe la mahindi makavu hukatwa usawa wa mdomo, na madebe sita ndiyo gunia. Lakini mnunuzi hakati usawa. Anatingisha debe mara mbili ili punje zikae, anaongeza, anajaza tena mpaka panasimama kilima juu ya mdomo wa debe na punje za pembeni zinaanza kuporomoka. Zinazoporomoka huangukia kwenye turubai lake. Sheria ya vipimo inakataza yote haya: mazao yauzwe kwa mizani, na mfungashio usizidi kilo 100. Lumbesa, kama ujazaji huu unavyoitwa, imepigwa vita kwenye majukwaa tangu nikiwa mdogo. Bado ipo, kwa sababu nyepesi kabisa: siku Fuso inapofika, mizani haipo kijijini, na Wakala wa Vipimo hauwezi kuwa kila njia panda.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kilima hicho kinachukua kilo mbili tu kwa kila debe. Kwa gunia la madebe sita ni kilo 12. Julai 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipofanya ziara mkoani Rukwa, bei ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ilipandishwa hadi Sh700 kwa kilo. Kwa bei hiyo, kilima cha debe kimemla mkulima Sh8,400 kwa gunia. Akiuza magunia 20 amepoteza Sh168,000. Sasa kumbuka kwamba ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Agosti 2022 siku ya Nane Nane Mbeya ilishusha mfuko wa DAP hadi Sh70,000. Mifuko miwili ni Sh140,000. Kwa maneno mengine, turubai la mnunuzi limekusanya mifuko miwili ya DAP na chenji juu, kwa kutingisha tu. Serikali inatenga mabilioni kumpunguzia mkulima bei ya mbolea mwezi wa kumi na moja, halafu kwenye debe la mwezi wa sita tunakubali yamponyoke. Mizani ya kupimia gunia ni kitu ambacho kikundi cha watu 20 kinaweza kukichangia.

NFRA yenyewe hununua kwa mizani, na bei yake inajulikana. Ndiyo maana foleni huwa ndefu. Katika Sumbawanga yamejengwa maghala na vihenge vya kisasa vya chuma, sehemu ya mradi wa mkopo nafuu wa Dola milioni 55 kutoka Poland uliolenga kupandisha uwezo wa wakala huo wa kuhifadhi nafaka nchini kutoka tani 251,000 hadi tani 501,000. Ni kazi kubwa na inaonekana. Lakini NFRA ni wakala wa akiba ya taifa: inanunua kwa kadiri ya bajeti yake, inataka mahindi makavu yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na haiwezi kununua kila punje ya mkoa unaovuna ziada karibu kila mwaka. Mwenye magunia matano na mtoto anayeripoti shule Jumatatu hasubiri foleni.

Kuna pia suala la mipaka kufungwa. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, kwa hofu ya njaa. Hofu hiyo inaeleweka ukiwa Dodoma. Ukiwa Sumbawanga, ambako Zambia iko mlangoni na Kongo iko ng'ambo ya ziwa, maana yake ni kwamba mnunuzi mmoja kati ya wawili ameondoka sokoni wakati ghala limejaa. Zuio liliondolewa baadaye, lakini aliyeuza msimu ule hakurudishiwa.

Swali la kawaida hapa ni kwa nini mkulima asiweke mahindi yake hadi Januari, bei inapopanda. Watu wa mjini hulijibu haraka: hana nidhamu ya fedha. Wangelala nyumba moja na dumuzi wangejibu vingine. Mdudu huyu aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akitokea Amerika, na kwa jinsi anavyosaga wananchi wakampa jina la lori, Scania. Mahindi yaliyowekwa kwenye kihenge bila dawa anaweza kuyageuza unga kabla ya Krismasi. Dawa inagharimu, na ya bandia imejaa. Mifuko ya tabaka tatu inayozuia hewa, maarufu kama PICS, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Cameroon, inamuua mdudu bila sumu yoyote: hewa inakwisha ndani, naye anakwisha. Nimeiona ikifanya kazi. Bei yake ni mara kadhaa ya kiroba cha kawaida, na panya mmoja akiitoboa umerudi mwanzo. Kwa hiyo kusubiri nako kunahitaji mtaji, na mtaji ndio hasa uliokosekana mwezi wa sita.

Katika kalenda hiihii kuna mtu mwingine ambaye mipango ya kilimo humsahau kabisa: mhunzi.

Mhunzi wa Ufipa wa leo hayeyushi mawe. Chuma chake kinatoka kwenye springi za magari yaliyokufa. Anaiweka springi katika makaa, kijana anazungusha feni iliyofungwa kwenye rimu ya baiskeli, na chuma kikishafika wekundu wa chungwa kinatolewa kwa koleo na kuwekwa juu ya fuawe, mara nyingi kipande kizito cha chuma kilichopigiliwa kwenye gogo. Kwanza anainyoosha, maana springi imezaliwa imepinda. Halafu anaikata kwa tindo, anaipanua upande mmoja, anaichonga shina la kuingia kwenye mpini. Sehemu ngumu ni ya mwisho. Chuma cha springi kikizamishwa chote kwenye maji kikiwa chekundu, kinakuwa kigumu kama chupa na kinavunjika kama chupa kwenye jiwe la kwanza. Kwa hiyo anazamisha makali tu, anatoa, anasugua haraka kwenye jiwe mpaka pang'ae, halafu anatulia na kuangalia. Joto lililobaki nyuma linapanda kuelekea kwenye makali na kubadilisha rangi: kwanza njano hafifu, kisha njano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha samawati. Anaitaka ile ya majani makavu. Ikifika samawati makali yamelegea na kazi inaanza upya. Hana kipimajoto, na karakana inajengwa yenye kivuli kwa sababu hiyo, ili rangi isidanganywe na jua.

Jembe la namna hii linadumu. Na mhunzi hafui majembe tu: anafua shoka, mundu na visu, anaunganisha mikokoteni ya maksai, anarudishia ncha ya plau iliyolika. Bila yeye plau iliyovunjika Novemba inabaki uani mpaka mtu apate nauli na muda wa kwenda kutafuta kipuri. Kiwanda cha Zana za Kilimo cha Mbeya (ZZK), kilichojengwa kulisha nyanda hizi kwa majembe na plau, kilibinafsishwa na kikaacha kazi hiyo. Zana nyingi za madukani sasa zinatoka nje, nyingine nyembamba kiasi kwamba ukizigonga zinalia kama sahani.

Wateja wa mhunzi humjia Oktoba na Novemba, wakati wa kuandaa mashamba. Huo ndio wakati ambao fedha za Juni zimekwisha. Kwa hiyo anafua kwa mkopo, akijigharimia makaa na springi, ambayo siku hizi anaigombania na wanunuzi wa chuma chakavu wanaokipeleka kwenye viwanda vya nondo. Analipwa wakati wa mavuno, mara nyingi kwa mahindi au maharage. Analipwa mahindi mwezi ambao mahindi yana bei ya chini kuliko yote. Naye ana mtoto wa kidato cha tano. Naye anayapeleka kwenye turubai.

Ndiyo maana nasema kumsaidia fundi wa kijijini kwa kumpa mafunzo ya ujasiriamali ni kumzunguka tu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Sumbawanga na linajua mambo mengi ya maana: mashine, vifungashio, njia ya kupata alama ya ubora ya TBS. Lakini mhunzi aliyelipwa kwa wakati, hata bila semina, atanunua mashine ya kusagia chuma yeye mwenyewe. Na atalipwa kwa wakati endapo mteja wake atakuwa na fedha Oktoba. Yaani mkombozi wa mhunzi ni ghala la mahindi.

Mahali ambapo mkulima na fundi waliwahi kukutana vizuri zaidi ni kwenye alizeti. Katikati ya miaka ya 1980, Arusha, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mashine ndogo ya kukamua mafuta kwa mkono, yenye wenzo mrefu wa kusukuma pistoni. Uzuri wake mkubwa ulikuwa kwamba karakana za humu nchini ziliweza kuitengeneza na kuitengeneza tena ikiharibika. Mama mwenye madebe mawili ya alizeti aliweza kukamua mafuta ya nyumbani na ya kuuza. Mashine za umeme zimeipita sasa, na alizeti ya Ufipa hukamuliwa mjini, au husafirishwa ikiwa mbegu. Ikiondoka mbegu, yanaondoka pia mashudu, ambayo ni chakula cha ng'ombe, nguruwe na kuku, na ambayo mfugaji wa Pito atakuja kuyanunua mjini kwa kilo. Na bei ya alizeti yenyewe hutegemea pia ushuru wa forodha unaotozwa mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, jambo linalotangazwa bungeni Juni hiyohiyo, mkulima akiwa amekwishavuna.

Nchi hii ina mifano yake ya kijiji kujishika chenyewe, na mingine ilikuwa mizuri kuliko tulivyostahimili. Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, iliyoanzia Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilifika kuwa na vijiji 17 vilivyolima kwa pamoja, vikawa na kinu cha kusaga nafaka mjini Songea na mashine ya kupasua mbao. Vilielewa kwamba mwenye kinu ndiye mwenye bei. Septemba 1969 chama tawala kiliivunja jumuiya hiyo, kinu na magari vikachukuliwa, kwa sababu vijiji vilikuwa vimezoea kuamua mambo yao vyenyewe. Mfano mwingine uko hai: Soko la Kimataifa la Mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, lililofunguliwa 2004 kwa ushiriki wa MVIWATA, mtandao wa wakulima ulioanzishwa Morogoro mwaka 1993. Pale gunia linapita kwenye mizani, na bei ya siku inajulikana na wote. Kibaigwa haikuwapa wakulima wa Dodoma mvua. Iliwapa kipimo na mahali.

Pito ina kitu ambacho vijiji vingi vya Nkasi na Kalambo havina, nacho ni ukaribu wa mji. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, iliyojengwa kwa fedha za Mfuko wa Changamoto za Milenia wa Marekani chini ya mkataba wa 2008, iliwaleta wanunuzi karibu na kuwapunguzia sababu za kulia ubovu wa njia. Tangu 2017 asiyezidisha tani moja anapohamisha mazao yake hatakiwi kulipa ushuru wa mazao. Maghala ya NFRA yako palepale mjini. Na kwa kuwa kata hii iko ndani ya Manispaa, vikundi vyake vinagombea mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, vikiwa mlango mmoja na wafanyabiashara wa mjini. Huo ni upande wa neema na upande wa balaa, maana kijana wa bodaboda wa katikati ya mji anajua kujaza fomu kuliko mama wa Pito.

Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Mingi iliyotoka zamani ilikwenda kwenye pikipiki, viti vya kukodisha na kuku wa mayai. Sina ugomvi na kuku. Lakini ningekuwa diwani wa kata ya mahindi ningekisukuma kikundi cha wanawake kiombe mkopo wa vitu vitatu visivyopigwa picha nzuri: mizani iliyopigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, chumba kikavu chenye kufuli mbili na funguo kwa watu wawili tofauti, na fedha kidogo ya kumkopesha mwanachama Juni kwa dhamana ya magunia aliyoyaweka humo ndani. Mwanachama anapata ya godoro, magunia yanabaki, Januari yanauzwa kwa pamoja na deni linakatwa. Sheria ya stakabadhi za ghala ya 2005 imejengwa juu ya wazo hilohilo kwa maghala makubwa yenye leseni. VICOBA, ambavyo karibu kila mtaa unavyo, vimekwishawafundisha kina mama kuweka hisa, kukopeshana na kumfuata mdaiwa mlangoni kwake bila aibu. Tofauti ni kwamba hapa hisa ni gunia.

Ugumu wake naujua. Bei ya Januari si lazima ipande: serikali ikifungulia mahindi ya akiba au mpaka ukifungwa, kikundi kitakuwa kimekaa na magunia na deni. Kiongozi mwenye ufunguo anaweza kuwa na shida nyumbani kwake. Unyevu ukiwa mwingi chumba kizima kinaingia ukungu, na ukungu wa mahindi unaweza kuwa na sumukuvu, ambayo hapa nchini imeshaua watu, Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa hiyo kipima unyevu kidogo kiwemo kwenye fomu ya mkopo, na asiyekausha arudishwe nyumbani hata kama ni shangazi wa mwenyekiti. Kuanza na magunia 50 kunatosha.

Na kwa kuwa habari yote hii ni ya kalenda, fomu nayo iwe na tarehe. Maombi ya mkopo wa halmashauri hupita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, yakaenda kwenye kamati, yakahakikiwa, yakasubiri fedha. Kikundi cha Pito kikianza kujaza fomu Juni, mizani itafika Oktoba na kukuta mahindi yamekwishavuka Tunduma. Wakiijaza Oktoba, wakati mhunzi anafua majembe ya mkopo, wana miezi minane mbele yao.